Udongo wa Nyuma ya Kibanja

Nyanga, Bukoba
Jioni, mkesha wa safari yako

Mwanangu Kemilembe,

Mama yako ameshayamaliza mambo ya kula, kulala na kujifunika baridi ya Morogoro, baridi ambayo sijui ameisikia wapi. Nimemsikia tangu asubuhi, na najua begi lako lina dawa za kutosha ukoo mzima. Mimi hapo sina la kuongeza. Wewe umekwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, yeye yuko jikoni anakufungia senene wa kukaanga ambao umesema huwataki na ambao utawabeba tu, nami nimeketi barazani na matope miguuni, sina hata nguvu ya kuinuka niyaoshe.

Nakuandikia kwa sababu kwa mdomo siwezi. Ukiniweka mbele yako nizungumze mambo ya maana, naishia kukuuliza kama umechaji simu. Halafu nimechoka, nisikufiche. Si uchovu wa leo peke yake. Ni uchovu wa mtu aliyechimba udongo wa watu wengine kwa miaka mingi na sasa anakaribia kustaafu, na akigeuka kuangalia nyuma haoni mashimo aliyochimba bali yale ambayo hakuyachimba.

Kesho utakapolibeba deli lako la barafu utaliona limezidi uzito. Ndani yake, kando ya mfuko wa udongo uliotoka nao Muleba juzi, nimeweka mfuko wa pili. Nataka ujue ulikotoka.

Juzi uliporudi kutoka kwa bibi yako ulikuwa na furaha, nami sikutaka kuiharibu. Uliuweka mfuko mezani ukaufungua ili nione. Udongo mweusi, laini, una majivu ndani, una maganda ya maharage, kuna hata kipande cha ganda la ndizi ambacho hakijaoza. Mama yako akakugombeza kwa kuweka uchafu mahali pa chakula. Wewe ukacheka, ukaniambia, "Bibi mwenyewe alinishika mkono, Baba. Akanipeleka mpaka pale, akasema chimba hapa."

Nilijua ni wapi. Ni hatua chache kutoka mlango wa jiko, chini ya ile migomba minene ambayo bibi yako anaimwagia maji ya kuoshea vyombo na kuirushia kila kinachotoka jikoni. Nilijua kwa sababu na mimi alinishika mkono akanipeleka pale pale.

Na wewe unajua udongo huo umebeba nini. Baba yako mdogo Muganyizi, ambaye siku hizi tunamwona mara mbili tatu tu kwa mwaka kwa sababu ya biashara yake ya samaki kule kisiwani Goziba, ameshaleta miche ya mikaratusi. Iko kwenye viriba, imepangwa nyuma ya zizi la ng'ombe ambalo halina ng'ombe. Anataka aanze kupanda mpakani, aje nayo mpaka karibu na nyumba, na bibi yako aje kukaa hapa kwetu, kwenye chumba unachokiacha kesho. Usimchukie baba yako mdogo. Anampenda mama yake, na amechoka kusikia mama yake ananunua ndizi. Lakini ulikuwepo kwenye kikao cha ukoo, ulimsikia bibi yako alivyosema: "Subirini mtoto asome udongo wangu. Akisema umekufa, nitafunga mizigo mwenyewe." Muganyizi akakubali kusubiri. Miche ile inaendelea kurefuka, na bibi yako anaipita kila asubuhi akienda kuchota maji.

Kwa hiyo si masomo ya udongo tu unayokwenda kuanza huko chuoni. Kuna mwanamke mzee anayesubiri kuambiwa kama atabaki kwake au atahama. Ndiyo maana nimerudi Muleba leo.

Ngoja nianzie mbali kidogo. Mengine umeyasikia mezani, vipande vipande, nikiwa nimekasirika. Leo nakupa yote kwa utulivu.

Mnyauko wa migomba ulipopita vijijini kwetu wewe ulikuwa mdogo, labda unakumbuka tu moshi na harufu ya migomba iliyokatwa. Watu walikata, wakang'oa, wakasubiri, wakapanda upya. Kwa baadhi ya nyumba kibanja, migomba yote inayozunguka nyumba, kilirudi kama hakijawahi kuugua. Kwa wengine miche ilichipua, ikasimama, ikapata unjano, ikabaki hivyo hivyo, haifi wala haizai. Mradi wa utafiti wa kilimo ulitupa sisi wa maabara kazi ya kujua sababu. Walidhani jibu liko kwa vijidudu vya udongoni, na mimi nilikuwa mtoto wa hapa, najua njia na lugha, nikapewa kuongoza kazi ya vijijini.

Ilikuwa mara yetu ya kwanza kutumia vinasaba. Zamani ukitaka kujua vijidudu vya udongo unavipandikiza kwenye sahani ya chakula chao na kusubiri viote, na vilivyo vingi vinakataa kuota. Unabaki unawafahamu wachache waliokubali kuja, kama mtu anayehesabu kijiji kwa kuangalia waliohudhuria mkutano. Njia mpya ilikuwa nyingine kabisa. Unachukua udongo kidogo, chini ya kijiko, unautia kwenye kichupa chenye shanga ndogo ndogo, unautikisa kwa nguvu mpaka vijidudu vyote vinapasuka na kumwaga vinasaba vyao. Unaosha, unaosha tena, mwisho unabakiwa na tone la maji meupe ambalo mtu wa barabarani ukimwonyesha atakuambia hakuna kitu hapo. Kumbe ndani yake kuna alama za wote waliokuwamo kwenye kile kijiko, bakteria, kuvu, na umati mkubwa ambao haujapewa majina hadi leo. Mashine inarudufu kipande fulani cha vinasaba mpaka kinasomeka, kompyuta inakupangia nani yupo na kwa wingi gani. Siku ya kwanza nilipoona orodha ya wakazi wa kijiko kimoja cha udongo wa Muleba nilitoka nje ya maabara nikakaa kwenye ngazi. Nilihisi nimeingia nyumba ambayo nimekuwa nikipita mbele yake maisha yangu yote.

Basi tukaenda kuchukua udongo. Sasa sikiliza jinsi mtoto wa hapa anavyokosea, maana mgeni asingekosea hivi.

Ukifika kwa mtu huanzi na jembe. Unakaribishwa, unaketi, unaletewa akamwani, unatafuna buni mbili tatu, unaulizia watoto na wazee. Baada ya hapo mwenyeji anainuka kukutembeza kibanjani. Na mwenyeji mwenye heshima zake hakutembezi kwenye migomba inayomwaibisha. Anakupeleka karibu na nyumba, penye majivu na samadi, penye nyasi za rweya, za kule mbugani, zilizotandazwa zikaoza vizuri, penye migomba ambayo huwezi kuikumbatia ukaimaliza. Anakuonyesha mkungu wake, unausifu. Kisha anasema, chimba hapa, na wewe unachimba hapo, kwa sababu mama yako alikufundisha kwamba mgeni hapiti nyuma ya nyumba ya mtu bila kukaribishwa.

Mtu wa mbali angeuliza. Angekata katikati ya migomba na mabuti yake mpaka mpakani, watu wakamcheka, wakamwita hana adabu, lakini angefika. Mimi niliona aibu kwa niaba ya wenyeji wangu kabla wao hawajaiona. Kila nyumba tulichimba sehemu kadhaa, tukachanganya udongo kwenye ndoo, tukajaza mfuko mmoja, tukaandika jina la mwenye kibanja. Sehemu zote zilikuwa karibu na nyumba. Sikumdanganya mtu, na hakuna aliyenidanganya. Tulikuwa na adabu tu, sote.

Kwa bibi yako tulifika pia. Alikuwa amevaa vizuri, amepika. Alijua naja na wenzangu wa kazini, na alitaka waone kwamba mtaalamu wao ametoka nyumba nzuri. Alinishika mkono mbele yao, akanipeleka mlangoni mwa jiko. Kule nyuma, kupita kaburi la babu yako, hakugeuza hata shingo. Nami sikugeuza.

Majibu yalipokuja, vibanja vilivyorudi na vibanja vilivyokataa vilifanana. Vijidudu wale wale, kwa wingi ule ule. Kwa nini visifanane? Tulikuwa tumepima majivu na maganda ya jikoni ya kila nyumba. Lakini mimi nilifurahi, na mtu akifurahi haulizi sana. Tulisema udongo hauna shida, shida ni mbegu, watu watafute miche safi wapande tena.

Nikarudi kijijini kuwasomea majibu. Mkutano ulikuwa kwenye uwanja wa ofisi ya kijiji, watu wengi, na bibi yako ameketi mbele na kitenge chake cha kanisani. Nilipomaliza walipiga makofi. Yeye alipiga kuliko wote, mpaka jirani yake akamgeukia akacheka. Kemilembe, yule mama wakati huo alikuwa ameshapanda nyuma ya kibanja chake mara ya pili na miche yote imepata unjano. Alijua. Alikaa pale akinisikia nikisema udongo hauna shida, akapiga makofi kwa sababu aliyekuwa anasema ni mtoto wake. Na wiki iliyofuata alibeba miche mipya kichwani, mmoja mmoja, kutoka kitaluni, akapanda mara ya tatu. Mtoto wake alikuwa amesema.

Hilo ndilo linaloniuma. Makala iliandikwa, ikasomwa na wachache, ikasahaulika, hiyo hainisumbui. Kinachonisumbua ni shingo ya mama yangu na ile miche.

Nilikuja kujua kwa njia ya kijinga kabisa. Nilipita kwake bila taarifa nikiwa natoka Muleba mjini, nikakuta jikoni mkungu wa ndizi umefungwa kamba ya sokoni. Nikamuuliza, akasema amepewa na jirani. Nimekua nikila ndizi za kile kibanja, Kemilembe, nazifahamu kwa sura, na zile hazikuwa za kwetu wala za jirani yeyote. Sikumbishia. Nilingoja aingie ndani, nikaenda nyuma peke yangu, nikalipita kaburi, nikaona. Vigomba vyembamba, majani yamekunjamana, ardhi imekauka juu kama ukoko wa uji. Wewe hujawahi kujua maana ya mwanamke wa umri wake, mwenye kibanja cha ukoo, kununua ndizi sokoni. Baadaye niliambiwa alikuwa anazibeba kiza kikianza kuingia, amezifunika kwa kanga. Niliporudi ndani alikuwa amepika zile ndizi. Nikala, nikasema tamu.

Utaniuliza kwa nini sikurudia kazi. Nilisema kwa mkubwa wangu, mara moja, kwenye korido, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. Akasema mradi umefungwa. Udongo uliobaki ulikuwa kwenye friza, umeme ukakatika siku kadhaa mfululizo, tukaukuta umeyeyuka na maabara yote inanuka. Nikahamishiwa utafiti wa mihogo. Ningeweza kupiga kelele, wapo wanaopiga kelele na wanasikilizwa. Mimi nilichoka mapema. Nilijiambia nitarudi nikipata nafasi, na nafasi ni kitu ambacho mtu aliyechoka hakipati.

Sasa kuna mambo mawili ya kazi yenyewe ambayo hukuyaona darasani kwa uzito niliokuja kuyaona mimi.

La kwanza ni kile kichupa kitupu. Unajua kwamba kila unapotoa vinasaba unaweka kichupa kimoja kisicho na udongo, ukakifanyia yote unayovifanyia vingine, na mwisho kinatakiwa kisiwe na kitu. Changu cha kwanza kilikuja kimejaa viumbe. Nilishangilia, nikadhani tumegundua jambo, mpaka mwenzangu mmoja akanionyesha kwamba ni bakteria wa ngozi ya binadamu. Kumbe ni mimi. Nilikuwa nimejikuna usoni nikashika vifuniko. Tulicheka siku nzima. Lakini tangu hapo, nikiona matokeo yananipendeza mno, nakitafuta kwanza kichupa kitupu. Wewe unakwenda kusoma udongo wa bibi unayempenda. Utajikuta humo, mwanangu, hata ukivaa glavu mbili.

La pili ni kwamba vinasaba havifi na mwenyewe. Kijidudu kikifa, vinasaba vyake vinaweza kubaki udongoni muda mrefu, vimeng'ang'ania chembe za udongo wa mfinyanzi, na mashine inavisoma sawasawa na vya aliye hai. Haitofautishi. Unaweza kupata orodha ndefu ya kupendeza na nusu yao ni marehemu. Zipo mbinu za kutenganisha, mtafundishwa, ni za gharama na zinachosha, na siku moja jioni utataka kuziruka. Siwezi kukukataza nikiwa huku. Nakwambia tu kwamba kuna mtu atapanga kuhama au kutohama kwa kufuata orodha hiyo.

Na hapa nije kwenye lile ulilolifanya juzi, ambalo hukuniambia. Bibi yako ndiye aliyeniambia. Ulimkumbatia ukamwambia, "Hutaondoka hapa, bibi, nitakuletea jibu." Nalijua lilikotoka, limetoka kwenye upendo, na mimi ningekuwa na umri wako ningesema zaidi. Lakini ulimpa jibu kabla hujachimba. Mimi angalau nilichimba kwanza.

Usikasirike. Nimeifuta sentensi hiyo mara moja nikairudisha.

Leo asubuhi nilisema nakwenda Kemondo kukutafutia barafu kwa wauza samaki, na kweli nilikwenda. Nilipoipata nikaitia kwenye deli, nikapanda gari la kuelekea Muleba badala ya kurudi. Mama yako alinipigia njiani, nikamwambia kuna foleni ya barafu.

Nilimkuta bibi yako anaanika maharage. Hakushangaa kuniona, au hakuonyesha. Akaniletea kigoda, akaniletea akamwani. Nilitafuna polepole, maana nilikuwa naogopa. Mzee mzima, naogopa kumwomba mama yangu anipeleke nyuma ya nyumba yake. Akauliza habari zako, nikasema mtoto anafunga mizigo. Akaniuliza kama ule udongo umefika salama, nikasema umefika. Akainuka, akanishika mkono, akaanza kunipeleka mlangoni mwa jiko.

Nikasema, "Mama, leo nipeleke nyuma."

"Nyuma kuna nini, mwanangu waitu? Kuna majani tu."

"Hayo majani ndiyo nataka kuyaona."

Akaniachia mkono. Akayageukia maharage yake, akayatandaza upya. Nikadhani nimemkosea, nikataka kusema basi, tuache. Kisha akasema, "Ngoja," akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amebadilisha nguo. Kemilembe, alikuwa amevaa kile kitenge cha kanisani. Ndicho alichokivaa kunipeleka kwenye migomba inayokufa.

Akatangulia yeye. Tulipofika kaburini kwa babu yako alisimama, akaondoa majani makavu juu ya saruji, akasema kwa Kihaya, kama anamwambia mtu aliyeketi barazani, kwamba mtoto amekuja, tunapita. Halafu tukapita. Kule nyuma alinionyesha yote. Huu aliupanda mara ya kwanza. Huu mara ya pili. Huu ni ule wa kitaluni, alioubeba mwisho, siku ya mvua, akaanguka nao pale kwenye kilima. Hilo la kuanguka sikuwahi kulisikia. Alilisema tu akaendelea mbele.

Nikamwambia, "Mama, niwie radhi. Nilisema udongo hauna shida."

Akasema, "Ulisema ulichoonyeshwa. Nani alikuonyesha?"

Tulisimama tu pale, wazee wawili, kila mmoja anataka kuubeba mzigo peke yake.

Nilipopiga magoti nichimbe, aliushika mfuko akaufungua mdomo kwa mikono yake miwili. Nilitoboa hapa, nikatoboa pale, mpaka mpakani kabisa, akawa ananifuata, hauachii mfuko. Udongo wa kule ni mwekundu uliofifia, mgumu, unatoka kwa vipande. Ukiunusa haunuki kitu. Utauona mwenyewe.

Nikamweleza, taratibu, kwamba hata udongo huu hauwezi kusema kila kitu. Kwamba utasoma nani yupo mbele na hayupo nyuma, na pengine utajua wanaokosekana wanaweza kurudishwa kwa samadi na nyasi na subira. Na pengine utajua hawarudi. Nikamwambia, "Mtoto amekuahidi, lakini ahadi ile ni ya mtoto."

Akasema, "Najua. Nilimwacha aseme, alikuwa analia." Halafu akasema, na haya nayaandika kama alivyoyasema, ila kwa Kiswahili: "Mwambie asiniletee jibu zuri. Mazuri nimeshapewa, nikayapigia makofi. Aniletee lile lililomo humu, hata kama ni miti ya Muganyizi."

Nimelifikiria hilo njia nzima ya kurudi, deli liko mapajani, konda ananiuliza kama ni sangara. Nimekaa kwenye kazi hii tangu ujana wangu na hakuna aliyewahi kuniomba hivyo. Watu huomba dawa, huomba mbegu, huomba matumaini. Yeye peke yake ndiye aliyeomba kilichomo.

Kwa hiyo una mifuko miwili. Usizichanganye sampuli zake. Sisi tulichanganya kila kitu kwenye ndoo moja tukapata jibu la kati na kati lisilo la mtu yeyote. Usiutupe ule wa jikoni kwa hasira, nao ni kweli, ni kweli ya jikoni. Zisome zote mbili, moja kando ya nyingine. Na siku ukijua, uje mwenyewe. Usimpigie simu, usinitume mimi. Utaketi, utatafuna akamwani, kisha mtakwenda nyuma pamoja na utamwambia kule kule. Kama ni kuhama, chumba chako nimeshakipaka chokaa upande mmoja. Nimeanza tu, sikuweza kuendelea, nikaacha brashi ndani ya ndoo.

Nasikia sauti yako barabarani, unacheka na mtu. Namalizia.

Nilipojaza mfuko nilitoa kalamu niandike. Ule wa kwako ulikuwa umeuandika vizuri, "Kibanja cha Ma Paskazia," kwa mwandiko wako wa shule. Kwenye huu nikaandika tu "Nyuma," na tarehe. Sikutaka jina la mama yangu likae juu ya udongo ule, lisomwe na watu wa maabara wasiomjua. Bibi yako alikuwa ameinama juu yangu anaangalia. Hajasoma sana, lakini jina lake analijua lilivyo.

Akaniuliza, "Mbona mimi simo?"

Nikamwambia si lazima.

Akasema, "Niandike."

Nimemwandika. Utamwona hapo juu ya mfuko, Ma Paskazia, nyuma.

Nenda salama, mwanangu. Nakupenda, na sikukwambia vya kutosha.

Baba yako